Magodoro ya Saa Nane Mchana

Kabla hujanicheka, nikuambie nilivyolelewa. Kwetu Bukavu mgeni akituma habari kwamba anakuja, watoto wanafukuzwa nje, nyumba inapigwa deki, na kila kitu kinachoonyesha kwamba watu wanalala na kuoga humo kinafichwa. Mgeni anakuta viti, vitambaa vya kufuma, na mama mwenye nyumba akitabasamu kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo, na sijasikia hata mmoja wao akinyimwa nyumba kwa sababu ya usafi. Wa kwanza katika ukoo ni mimi.

Tunakaa Hjulsta, huku Sweden, pale treni ya buluu inapokata tamaa na kurudi mjini. Ghorofa ya nne, vyumba viwili na jiko. Humo tuko wanane: mimi Perpétue, mume wangu Zacharie, watoto wetu watano, na Papy, mdogo wake Zacharie, aliyekuja kututembelea kwa wiki mbili na sasa ametimiza miaka sita nasi. Zacharie ni dereva wa basi na mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Ukimwuliza kama nyumba inatutosha anakujibu, "Mungu anajua." Najua kwamba anajua, lakini Mungu hajaajiriwa kwenye ofisi ya nyumba, na mpaka aajiriwe mtu inabidi ajaze fomu.

Usiku mimi na Zacharie tunalala chumbani pamoja na mapacha na Felicia, kitinda mimba wetu wa miaka minne. Sebuleni Papy ana sofa, Firmin wa miaka kumi na minne ana godoro chini ya televisheni, na Nicole, binti yetu mkubwa, ana godoro nyuma ya kabati, na kitenge kilichotundikwa kwenye kamba ndicho mlango wake. Asubuhi magodoro yanasimamishwa nyuma ya sofa, kitenge kinakunjwa, na tunakwenda kazini na shuleni kama watu wengine.

Kwenye foleni ya nyumba tuna miaka kumi na mmoja. Hapa foleni husimami kwa miguu, siku zako zinahesabiwa kwenye kompyuta. Nyumba ya vyumba vinne ikitangazwa Zacharie anabonyeza, anafumba macho, na jibu linakuja: wewe ni wa mia nne na kumi na mbili. Hao mia nne na kumi na mmoja walio mbele yetu sijawahi kuwaona. Nasikia wengi waliingia foleni siku waliyotimiza miaka kumi na minane, baada ya kukata keki, wakaendelea kukaa kwa baba yao kwenye nyumba yenye bustani huku siku zikiwanenepea. Hawana haraka. Sisi ndio wenye haraka, lakini kompyuta haina mahali pa kuiandika.

Kazi yangu ni usafi wa maofisi pale Kista. Kila asubuhi nafuta vumbi kwenye chumba cha mikutano kikubwa kuliko sebule yangu, chenye viti kumi na viwili ambavyo havijakaliwa tangu jana nilipovifuta. Chumba hicho kina jina. Wamekiita kwa jina la ziwa, wakaliandika kwenye kioo cha mlango. Nilipomwambia Nicole alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka ghafla.

Maana Nicole ndiye jambo lenyewe. Ana miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na anataka kusoma udaktari, kitu ambacho hapa kinataka alama za juu kabisa. Anasomea chooni. Anafunika choo, anakaa juu yake, anaweka vitabu juu ya mashine ya kufulia, na anasoma hadi mtu agonge. Katika nyumba ya watu wanane, hesabu mwenyewe mtu anagonga kila baada ya dakika ngapi. Mwezi wa kwanza alituketisha mimi na baba yake jikoni, akasema bila kelele yoyote kwamba anatupa muda mpaka mwisho wa likizo ya mwezi wa pili. Nyumba isipopatikana, anahamia Södertälje kwa shangazi yake, anayekaa peke yake na ana chumba cha ziada.

"Si hasira, mamma," alisema. "Jag orkar inte." Yaani nguvu zimemwishia.

Nilitaka kufa. Kwetu binti anatoka nyumbani kwa ndoa, kwa masomo ya mbali au kwa vita. Wangu atoke kwa sababu mama yake amekosa pembe ya kuweka meza? Zacharie akasema Mungu anajua. Nikamwambia safari hii tumsaidie Mungu.

Nikamwendea Magdalene. Huyu ni Mkenya wa kanisani kwetu, alikuja kusoma, sasa anafanya kazi ya kompyuta hukohuko Kista, na anaandika barua ambazo Waswidi wanazijibu. Alituandikia ombi la kupitishwa mbele ya foleni. Alieleza kwamba msongamano peke yake hauhesabiwi, wako wengi mno, lakini msongamano unaoharibu masomo ya mtoto unaweza kusikilizwa. Mshauri wa shule ya Nicole akaandika karatasi kwamba binti anasinzia darasani. Baada ya wiki tatu tukapata jibu: afisa atakuja kutazama makazi, Jumatano saa nane mchana.

Atakuja. Mgeni. Basi hapo damu ya bibi yangu ikaamka.

Jumatatu niliosha mapazia. Jumanne nilisugua kuta hadi nikaona rangi ambayo hata mwenye jengo ameisahau. Jumatano niliomba ruhusa kazini nikakaanga mandazi na sambusa, nikatoa vikombe vya harusi. Zacharie alisimama katikati ya sebule kama jenerali.

"Mama Nicole, banakuya kuona nyumba, bataona magodoro?"

"Aone magodoro, anijue mimi ni mwanamuke wa namna gani?" nikamjibu. "Yote iende chini!"

Magodoro yakashushwa stoo ya chini, na Papy akakaa nayo huko akiyalinda, kana kwamba Hjulsta kuna wezi wa magodoro. Firmin akapewa mapacha na Felicia, akaamriwa awazungushe kwenye maduka ya Kista na asionekane kabla ya saa kumi. Nicole nilimwacha, kwa sababu barua ilimtaja. Nilimvalisha gauni la Jumapili, nikampangia vitabu kwenye meza iliyofutwa, na taa pembeni. Akaniangalia sana.

"Mamma, det är ju inte sant," akasema. Mama, huu si ukweli.

"Si uongo pia. Ni heshima."

Afisa aliitwa Ella. Msichana mwembamba, sweta nzuri, sauti ya mtu anayeongea na paka mgonjwa. Alivua viatu mlangoni, nikampenda. Akatazama huku na huku, akapiga picha na tableti yake, akala mandazi mawili, akasema kwa furaha kabisa, "Vad fint ni har det!" Kwamba pazuri kwetu. Nami, mjinga mimi, nikafurahi hadi masikioni! Miaka kumi na mmoja Sweden, na hatimaye ofisi imenisifu.

Akamwuliza Nicole kama hapo ndipo anaposomea. Nicole akafungua mdomo. "Egentligen..." akaanza, yaani kwa kweli, na nilijua hiyo kweli inaelekea chooni. Nikamtupia lile jicho. Kila mtoto wa kwetu analijua. Akafunga mdomo, akaangalia kitabu, na Ella akaandika kitu.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Zacharie aliisoma akiwa amesimama, akaketi. Nyumba ni safi na yenye nafasi. Binti ana meza ya kusomea yenye mwanga wa kutosha. Hakuna dalili za msongamano. Ombi limekataliwa.

Magdalene alikuja jioni ileile bado ana kadi ya kazini shingoni. Aliisoma mara mbili.

"Mama Nicole, hebu niambie. Alikuta watu wangapi hapa?"

"Watatu."

"Na wengine walikuwa wapi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwa Papy na stoo, alishika kichwa.

"Aki wewe! Unaenda kwa daktari, ugonjwa umeuacha nyumbani, halafu unashangaa hakukupa dawa? Huyo si mgeni! Huyo ni inspector!"

"Amevua viatu," nikasema.

"Kila mtu hapa anavua viatu!"

Zacharie akakohoa na kusema kwamba yeye tangu mwanzo aliuliza habari ya magodoro. Nilimwangalia, akakumbuka kwamba basi lake linamsubiri, ingawa siku hiyo hakuwa na zamu. Nicole alikuwa nyuma ya kitenge chake. Laiti angenipigia kelele ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Nilimpelekea chai, akasema tack, asante, akaipokea bila kutokeza uso.

Magdalene akaandika rufaa. Alieleza kila kitu, hata stoo, hata gauni. Ofisi ikakubali kumtuma Ella tena, Alhamisi ya likizo, siku tatu kabla ya muda wa Nicole kuisha. Saa nane mchana.

"Sasa sikilizeni," Magdalene akatuambia. "Mtaiacha nyumba vile inakuaga mkilala. Msiguse kitu. Magodoro sakafuni, watu wote ndani. Na wewe Mama Nicole, hakuna mandazi."

Kutokukaanga mandazi kuliniuma kuliko unavyofikiri. Lakini nilijikaza kisabuni, nikakubali. Tatizo ni kwamba Zacharie naye alikubali, na Zacharie akikubali kitu hajui kukikubali nusu. Alhamisi saa saba na nusu aliamuru magodoro yatandikwe, kitenge kitundikwe. Halafu akasema watu walale.

"Walale?" nikauliza.

"Si alisema vile tunalalaka? Mulale! Papy, kwa sofa! Firmin, lala!"

Nilipaswa kumzuia. Nasema hivi kila siku. Lakini nilikuwa nimeshaharibu mara moja kwa akili zangu, nikaona safari hii nifuate za wengine. Firmin akajifunika blanketi na simu yake. Mapacha wakaanza kucheka chini ya shuka. Felicia akauliza kwa Kiswidi mbona alale na jua bado lipo, akaambiwa anyamaze. Papy, ambaye hajawahi kufanya kazi yoyote nusunusu kwa sababu hajawahi kufanya kazi yoyote, alianza kukoroma kabla kengele haijalia.

Nicole peke yake alikataa. "Jag är inte med i det här," akasema, mimi simo kwenye mchezo huu. Akachukua vitabu vyake vya kemia akaenda kusoma pale anaposoma siku zote.

Ella alisimama mlangoni muda mrefu. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Alivua viatu, akavishika mkononi, akamruka Firmin, akaruka godoro tupu la Nicole. Kisha akatoa tableti yake, akatazama picha za mwanzo, akatazama sebule, akatazama tena picha.

"Mnalala saa hizi?" akauliza.

Zacharie aliogopa, na mume wangu akiogopa anakubali. "Ja, ja," akasema. "Alltid." Ndiyo, siku zote.

Papy akaongeza sauti ya kukoroma.

Nikaingilia kati. Nikamwambia hapana, tunalala usiku kama binadamu wengine, haya tumeyatandika ili aone.

"Kwa hiyo mmeyapanga kwa ajili yangu," akasema Ella kwa upole.

"Ndiyo," nikasema. "Hapana. Mara ya kwanza ndipo tulipanga. Leo hatukupanga. Yaani tumepanga, lakini ndivyo ilivyo."

Ukiusema ukweli kwa Kiswidi cha darasa la jioni, chenye jasho, unatoka kama uongo wa mtoto. Nilimwona jinsi alivyonihurumia. Hakukasirika hata kidogo, na ningefurahi angekasirika. Aliandika, akazunguka, akafika chooni, akafungua mlango.

Nicole alikuwa juu ya kifuniko, magoti yamekunjwa, daftari mapajani, kitabu juu ya mashine, na mashine inazunguka kwa sababu ilikuwa zamu ya nguo za mapacha. Kalamu nyingine mdomoni. Hivyo hasa ndivyo alivyo kila siku ya Mungu. Hakuna mtu aliyekuwa amempanga.

Ella akatabasamu. Akamwambia, kwa ile sauti ya paka mgonjwa, kwamba anaelewa, kwamba si rahisi kwa kijana kuombwa na wazazi afanye mambo kama haya.

Nicole akatoa kalamu mdomoni. Akamwambia, taratibu, kwa Kiswidi safi kuliko cha Ella, "Njoo saa tano usiku. Leo. Gonga kengele, utatukuta."

"Tunafunga saa kumi na nusu," akasema Ella. "Na hata hivyo hatuingii majumbani mwa watu usiku. Ni suala la faragha yenu."

Kutoka kwenye sofa kukoroma kukakatika. Nadhani hata Papy alilisikia hilo. Watu wanane kwenye vyumba viwili, na ofisi nzima inalinda faragha yetu! Nilitaka kucheka, nikaenda kumfungulia mlango.

Alipoondoka niliwaambia waamke. Firmin alikuwa amelala kweli.

Barua ya pili ilikuja Jumamosi kwenye simu ya Zacharie. Safari hii walifanya haraka. Ofisi imelinganisha ziara mbili. Magodoro yaliyoonekana yametolewa kwa ajili ya ziara, na mke amekiri hivyo. Familia imeonyesha uwezo mzuri wa kubadili matumizi ya nyumba kulingana na mahitaji. Kwa hiyo makazi yanatosha. Tunaweza kuomba tena hali ikibadilika.

"Batatupa zawadi ya kubadili matumizi?" Zacharie akauliza. Akaenda kukaa balkoni kwenye baridi bila koti, na ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ametegemea.

Jumapili baada ya ibada Nicole alifunga sanduku. Halikumchukua hata nusu saa. Mtu asiye na chumba hana vitu. Nilimsindikiza kwa basi hadi Spånga, kwenye treni ya kwenda mjini, abadilishe ya Södertälje. Pale jukwaani niliitafuta lugha. Nikamwambia kwamba lile jicho nililomtupia siku ya kwanza, nilikosea. Kwamba niliona aibu, si yake, yangu, ya kuonekana nimewalea juu ya sakafu. Nililisema lote, watu wakipita.

"Najua, mamma," akasema. Kwa Kiswahili. Akanikumbatia na begi lake la vitabu likanipiga kifuani, na treni ikaja kwa wakati, kama treni zinavyokuja siku usiyozitaka.

Jumatatu Zacharie, mtu wa sheria, aliiarifu ofisi kwamba hali imebadilika. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Wanatushukuru kwa taarifa. Kwa kuwa sasa tuko saba, hatuhesabiwi tena kuwa na mahitaji ya vyumba vinne. Jina letu litabaki kwenye foleni, na tunakaribishwa kuomba vitatu.

Nilirudi kutoka kazini nikiwa nimejiandaa. Njia nzima nilijiambia: utaingia, utaona lile pengo nyuma ya kabati, utakaa chini pale ulie mpaka utosheke, hiyo ni haki yako. Nikavua viatu, nikaenda. Kamba haikuwa na kitenge. Godoro la Firmin lilikuwa limesogezwa huko kwa sababu chini ya televisheni kuna upepo. Mahali pa Firmin palikuwa na mmoja wa mapacha, aliyechoka kupigwa teke na mwenzake. Felicia amechukua nafasi ya pacha, na viatu vya Papy, jozi nne, vimepangwa ukutani pale palipokuwa na vitabu.

Nikabaki nimesimama na koti langu mkononi. Mtoto wangu ameondoka siku moja tu, na nyumba haikuwa na nafasi hata ya kumkosa.